Madoto Wawili na Mzee wa Taa

Watu wengi wamenitukana maishani, na wengi wao walikuwa na sababu. Lakini aliyenitukana kwa ufundi kuliko wote ni mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akigawa taa za kichwani kwenye mgodi mdogo upande wa Geita, miaka ya tisini. Tulimwita Mzee wa Taa. Jina lake halisi nalijua, ila sitaliandika hapa, kwa kuwa nimekwisha kulichafua mara moja na inatosha. Alifukuzwa kazi kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu. Nusu yake aliikiri mbele ya watu, na nusu yangu niliikalia kimya mwaka mzima na zaidi.

Kampuni yenyewe ilikwisha kufa, na kuitaja hakuna faida. Ilikuwa na duara moja refu, yaani shimo la kushukia, winchi iliyolia kuliko kufanya kazi, mabanda ya mabati, na ofisi yenye kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya. Mimi ndiye niliyekuwa bwana wa kompyuta hizo. Nilikuwa nimesoma Dar es Salaam miezi tisa, nikarudi kwetu na cheti, tai moja ya kijani, na mwendo wa mtu ambaye wengine humpisha njia.

Naitwa Kulwa. Kwa asiyejua mambo ya Usukumani, mapacha wakizaliwa wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayewafuata ni Shija, na hapo hakuna mjadala. Darasani kwetu Shinyanga mwalimu akiita "Kulwa!" tulisimama watatu, na mara nyingi aliyechapwa siye aliyekosa. Nawaomba mkumbuke kwamba mtu mwenye makovu ya namna hiyo ndiye aliyekuja kufanya upumbavu nitakaousimulia.

Mzee wa Taa alikaa nyuma ya dirisha dogo lenye nondo. Ukutani kwake kulikuwa na ubao wa misumari, kila msumari na taa yake, kila taa na kisahani cha shaba chenye nambari. Mchimbaji alifika, akataja nambari, akapewa taa, akashuka. Akipanda, aliirudisha. Kanuni ilikuwa moja: taa inarudi kwa mkono ule ule ulioichukua. Ukimletea taa ya mwenzako alikuangalia juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akakuuliza kama mwenzako akifa utakwenda pia kumwakilisha kaburini.

Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja. Alikuwa na hofu ya giza, na wala hakuificha. "Chini ya ardhi nitakwenda mara moja tu," alisema, "na siku hiyo nitabebwa." Nyumbani kwake, chumba kimoja kule kambini, kulikuwa na koroboi mbili, tochi, na mshumaa wa akiba. Wachimbaji walimcheka, naye aliwajibu kwamba mwoga huishi akawacheka mashujaa matangani mwao.

Alikuwa mwongo wa raha. Alituambia aliwahi kuwa mpishi wa meli, mchezaji wa dansi, na karani wa mahakama, na miaka ya kazi hizo ukiijumlisha unapata mzee wa miaka mia na arobaini. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kete. Mkono wake wa kushoto ulitembea wenyewe. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe na viatu vya mpira vya mgodini, kwa sababu ya tope, akaenda msikitini hivyo hivyo akiwa na mwendo wa waziri. Lakini kwenye habari za taa sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa mzaha. Taa ilikuwa kitu kingine kwake.

Meneja wetu, mtu wa mbali aliyependa tarakimu, alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Wangapi wako chini?"

"Wangapi sijui," mzee alijibu. "Niulize nani."

Kisha alimhesabia: yuko Masanja mwenye kikohozi, yuko yule aliyeoa juzi Kahama, yuko mrefu wa Bukombe anayesahau kofia. Meneja aliondoka akiwa amekasirika kwa sababu alitaka nambari moja aiandike. Mzee aliniambia, "Mtu si dagaa, Kulwa. Hauzwi kwa fungu." Nilicheka, nikaenda zangu kuinyoosha tai yangu.

Utani ndio uliokuwa chakula chake. Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za wapagazi, pale babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo wakielekea pwani, na mzee alizungumza kana kwamba msafara ule ulipita jana. "Babu zenu walituibia mihogo," alisema kila alipomwona Msukuma. "Nimekuja huku kuifuatilia." Alidai kwamba michembe, vile viazi vikavu vyetu, ni chakula cha kupewa punda, na alivinunua kwa debe. Alivitafuna kutwa nzima huku akivilaani, na mdomo ukiwa umejaa.

Kati ya watani wake wote, kipenzi chake alikuwa Doto wa Maganzo. Huyu alikuwa ametafuta almasi kwao Maganzo mpaka akachoka, akaja kutafuta dhahabu kwetu. Jina lake kamili lilikuwa Doto Masanja. Kwenye zamu hiyo hiyo alikuwepo Doto Masanja mwingine, wa Runzewe, mpole, msemaji wa maneno matatu kwa siku. Yule wa Maganzo hakupita dirishani bila kumtukana mzee. Akishuka alimtukana kidogo. Akipanda, baada ya saa nane za vumbi, alimtukana kwa kirefu.

"Mzalamo mnyonya nazi! Bado uko hai?" Doto hakuwa na uhusiano mzuri na herufi r.

"Niko hai, mchunga fisi. Leta taa yangu kabla hujaiuza upate nauli ya kwenda kujifunza kuoga."

Watu walisimama kusikiliza. Nami nilipata fungu langu, maana tai ya kijani ilikuwa dhambi ya kutosha. Aliniita Bwana Harusi Asiye na Bibi. Kompyuta yangu aliiita mwali, kwa kuwa ilikaa ndani siku zote, imefunikwa kitambaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata hivyo aliipenda. Alikuja saa za chai kuitazama, mikono nyuma, na siku moja aliniomba nimchapie barua ya malalamiko kuhusu sabuni. Niliichapa. Alitaka nakala ishirini, akazigawa kwa watu wasiojua kusoma.

Sasa nifike kwenye ufundi wangu. Langoni, karibu na dirisha la taa, kulikuwa na daftari la watu walioshuka na waliotoka. Lilikuwa na tope, mafuta, na mara moja nyayo za mbuzi. Meneja alitaka daftari hilo liwe kwenye kompyuta, ili alione akiwa ofisini kwake. Nikamtengenezea ukurasa wa kufunguliwa kwa brauza, jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya kiasi kwamba mimi mwenyewe niliogopa kidogo nilipoona linafanya kazi. Ukurasa ulikuwa na mistari, kila mchimbaji na mstari wake: jina, na pembeni kisanduku. Akipita kutoka, unabofya kisanduku, unaweka alama. Wiki za mwanzo nilikaa langoni mwenyewe nikibofya, maana sikumwamini mtu mwingine na mwali wangu.

Siku ya kuuonyesha, mzee alikuja na michembe yake, akaangalia mistari ile kwa muda mrefu.

"Mbona hukuweka nambari ya taa?" aliuliza.

"Ya nini, mzee? Kompyuta inajua majina."

"Inawajua Wasukuma?"

"Mimi si Msukuma?"

"Ndiyo maana nauliza," alisema, akatafuna, akaondoka.

Niliudhika. Kwa kweli ukurasa nilikuwa nimeujaribu vizuri sana. Niliujaribu kwa majina ya shangazi zangu saba, na shangazi zangu hakuna wawili wenye jina moja. Kosa langu lilikuwa hili, na nitalisema kwa lugha ya kawaida: kisanduku cha kila mstari nilikuwa nimekifunga kwenye jina badala ya kukifunga kwenye mstari wenyewe. Kwa macho, madoto wawili walikuwa na mistari miwili. Kwa ndani walikuwa mtu mmoja. Ukimwekea mmoja alama, mwenzake naye anapata alama kule chini ya orodha, pasipo mtu kumgusa. Kila siku kabla ya hapo madoto wale walikuwa wakipanda pamoja, kwa hiyo nikimkuta wa pili ana alama nilidhani nimekwisha kumbofya, na mashine haikupata nafasi ya kuniumbua.

Ilikuwa mchana wa siku yenyewe, saa nane, zamu inatoka na baruti zimekwisha kutegwa. Doto wa Runzewe alipita mbele yangu. Nikabofya. Baada ya muda orodha yote ilikuwa na alama, sikuona mstari mtupu hata mmoja, nikampungia mkono fundi baruti kwamba shimo ni tupu. Nilifanya hivyo nikiwa na furaha. King'ora cha kwanza kikalia.

Mzee wa Taa alitoka bandani akiwa ameshika miwani mkononi.

"Kulwa, mtani wangu kapita?"

"Amepita, mzee."

"Umemwona wewe?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. "Huyu hapa. Doto Masanja, ametoka."

"Taa yake ninayo," alisema taratibu, kama anayejisemea. "Lakini hajanitukana."

Nilimcheka. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho hadi leo, meno yangu. Nikamwambia labda leo Doto ameokoka. Mzee alikwenda mbio, kama viatu vya mpira vinavyoruhusu, mpaka kwenye mdomo wa duara, mahali ambapo kwa miaka yote hakupakaribia, akapanda ndani ya ndoo ya winchi na kukaa. Fundi baruti akampigia kelele ashuke. Mzee akafumba macho, akashika mnyororo kwa mikono miwili, akasema kwamba kama ni kulipua walipue naye akiwa hapo hapo.

Walisimamisha kila kitu. Watu wawili walishuka kwa ngazi, na baada ya robo saa walipanda na Doto wa Maganzo akiwa katikati yao. Taa yake ilikuwa imezimika chini. Alikuwa amempa mwenzake aliyekuwa akipanda airudishe na amletee nyingine, na mwenzake, aliposikia zamu imekwisha, alisahau. Doto alikaa kwenye giza, mita chache kutoka kwenye baruti, akisubiri taa. Alipofika juu alikuwa na rangi ya majivu. Alimwona mzee akiwa bado ndani ya ndoo.

"Mzalamo mwizi," alisema, "taa yangu iko wapi?" Kisha wote wawili wakalia, wazi wazi, mbele ya zamu nzima.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilifungua programu yangu na kuliona kosa. Kulirekebisha kulinichukua dakika kumi na tano. Niliupa kila mstari nambari yake wenyewe, nikajaribu kwa Madoto sita, wote wakakaa kila mmoja kwenye kisanduku chake. Niliamua kwamba kesho asubuhi nitasema kila kitu, na nikalala usingizi mzuri wa mtu mwadilifu.

Asubuhi tuliitwa kwa meneja. Mzee alikuja na kanzu, ingawa haikuwa Ijumaa. Meneja alimwuliza kama alipokea taa kwa mkono wa mtu mwingine.

"Nimepokea."

"Na unajua ni kosa?"

"Kanuni niliitunga mimi. Nilikuwa nakula, aliyeileta ana haraka, nikanyoosha mkono. Ni kosa."

Meneja akanigeukia. "Na kompyuta?"

"Kompyuta iko sawa," nilisema.

Sikudanganya hata herufi moja. Asubuhi ile ilikuwa sawa kabisa. Niliuchagua wakati uliopo kwa uangalifu mkubwa, na mwalimu wangu wa Kiswahili angejivunia. Meneja akaelewa alivyotaka kuelewa: kwamba taa iliporudi ndipo nami nikaweka alama, kwamba chanzo cha yote ni dirisha lile. Mzee alinitazama mara moja akingoja niendelee. Niliangalia tai yangu. Saa sita mchana alikuwa juu ya lori la kwenda Kahama na godoro lake, na Doto wa Maganzo akikimbia nyuma ya lori akimtukana huku machozi yanamtoka.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejipa majibu mengi mazuri. La kweli ni kwamba nilipenda kuitwa mtaalamu, na niliogopa kurudi Shinyanga na cheti tu.

Kampuni ilipoanza kuyumba niliondoka pia, na mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilipita Kahama nikisubiri basi la alasiri. Nyuma ya stendi niliona kibanda cha kuchaji betri za redio, betri zimepangwa mstari, kila moja na alama ya chaki. Nilimjua Mzee wa Taa kabla hajainua kichwa. Nilifikiria kurudi stendi. Nilipiga hatua tatu za kurudi, nikazihesabu, nikaona aibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa hapo."

Nilikaa juu ya gunia, nikaanza kumweleza mara moja, bila hata kuuliza habari za nyumbani. Nilieleza mistari, visanduku, majina, jinsi brauza za siku zile zilivyokuwa. Nilichora na ardhini. Nilizungumza sana. Yeye alikuwa akisugua ncha ya betri kwa msasa.

"Asubuhi ile kwa meneja," alisema nilipomaliza, "ulikuwa umekwisha kulijua?"

"Nilikuwa nalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jana yake jioni."

Aliweka msasa chini. "Kupokea ile taa ni kosa langu, simtupii mtu. Lakini habari ilifika hapa kabla ya lori. Kwamba nilimwacha mtu shimoni. Mke wangu, Mama Zuhura, hakuniuliza kitu. Heri angeniuliza, tukagombana, yakaisha. Ila tangu siku hiyo nikifunga mlango, anakwenda kuusukuma aone. Nikizima jiko, anakwenda kuliangalia. Binti yetu akija na mtoto, mimi sipewi nimshike. Wananipa kiti, wananipa chai."

"Hukumweleza kwamba wewe ndiye uliyemwokoa?"

"Nilimweleza. Mtu aliyefukuzwa kazi akijisifu, nani anamsikiliza? Na kwa nini kompyuta ilisema katoka, hilo sikuwa na jibu." Alijifuta mikono, akapaza sauti kuelekea uani. "Mama Zuhura! Njoo usikie jambo."

Alitoka mama mmoja mnene akiwa na mwiko mkononi. Nilimwamkia. Nikamweleza yote tangu mwanzo, brauza na visanduku na madoto. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Sasa baba, mbona sielewi? Kosa ni la nani?" Mzee akasema, "Ngoja, na Zuhura asikie." Akaja binti yao na mtoto mgongoni. Nikaeleza tena, kwa ufupi zaidi, na safari hii nikaanza kutoka jasho. Kwenye baraza ya nyumba ya pili palikuwa na wazee watatu wakicheza bao, wamekwisha kuacha kete na kututegea masikio. Mzee akanionyesha kwa kidevu. Nikawaendea.

Mara hiyo ya tatu sikutaja kompyuta hata kidogo. Niliwaambia kwamba huyu mzee alimwokoa mtu niliyekaribia kumuua kwa uzembe, kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza wakamfukuza yeye. Basi langu lilipiga honi stendi na kuondoka.

Nilipogeuka, Mama Zuhura alikuwa akifungua kanga mgongoni kwa binti yake. Alimtoa mtoto, akamweka mapajani mwa mumewe.

"Mshike huyu," alisema, "wali wangu unaungua."

Akaingia ndani, wala hakugeuka kutazama.